Kaa wa Mwambani

Jioni ile nilimpeleka Kioko Al Wukair, nje ya mji, kuchukua meza ndogo ya mtumba aliyomnunulia binti yake. Mimi ni dereva, mtu wa Tanga. Yeye ni Mkamba, fundi wa kompyuta, na tunakaa jengo moja mtaa wa Al Sadd, huku ugenini kwa Waarabu. Hutaniana sana. Mimi humwambia Kiswahili chake kimeungua, yeye huniita mwalimu wa adabu.

Binti yake, Melissa, ana miaka sita na shuleni huongea Kiingereza tupu, kwa hiyo nilijipa kazi ya kumfundisha. Nilianza na hodi. Mtu akibisha, nilimwambia, mwitikie "karibu", usimwache mgeni mlangoni. Aliipenda mno. Kila nikifika kwao nasikia miguu yake ikikimbilia mlangoni.

Tukiwa tunarudi, Kioko akaniomba nisimame pale barabara mpya ilipokata mwamba. Pamebaki ukuta mfupi wa mawe meupe, na ndani yake mna visukuku, viumbe vya bahari vya kale vilivyogeuka mawe. Melissa alikuwa ameona trilobaiti kitabuni, yule mdudu mwenye mgongo wa pingili, akamwomba baba yake amletee.

"Hizo hapa hazipatikani," Kioko alisema, akitoa nyundo na patasi. "Lakini nikimpata kaa mzima, atafurahi."

Jua lilikuwa linazama. Upepo ulikuwa umekata.

Kaa alikuwepo. Mkubwa kama kiganja, magando ameyakunja kifuani.

"Bisha hodi kwanza," nilimwambia. Hapo sikuwa natania. Kwetu huchukui kitu mahali usipopajua bila kuwaomba wenyewe.

"Wachana na hiyo, Idrisa. Wenyewe gani? Hawa walikufa kitambo." Lakini alicheka, akagonga mwamba kwa nyundo. Ngo. "Hodi." Ngo. "Hodi." Ngo. "Hodiii..."

Tukasikiliza.

Kimya.

"Mara tatu hatukujibiwa," nikasema. "Usipojibiwa unaondoka. Twende, Baba Melissa."

"Si basi hakuna mtu kwa nyumba?" Akapiga patasi. Kaa akabanduka pamoja na jiwe lake.

Ndipo nilipoisikia harufu. Harufu ya pwani maji yakishatoka, tope na chaza waliooza, na bahari ilikuwa mbali na pale. Nilitaka kumwambia amrudishe. Niliogopa kuchekwa; akamtia kwenye buti, nami nikawasha gari.

Tulipofika kwenye taa za barabarani nikasimama.

Ngo... kwenye buti.

"Ni meza hiyo," Kioko akasema.

Gari lilikuwa limetulia kabisa.

Ngo.

Nikakanyaga mafuta mpaka Al Sadd. Tulipopanda juu alimwacha kaa nje ya mlango wao, chini, tukaingia na meza tu. Mkewe, Milcah, alikuwa zamu hospitalini. Jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto alituaga akaondoka. Melissa alikuwa chumbani anachora. Tulikaa sebuleni, taa zote zinawaka.

Ngo. Mlangoni.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Kioko. Na Kioko alikuwa amekaa ubavuni mwangu.

"Nani huyo?" akanong'ona.

Nikamziba mdomo. "Tusimjibu. Akimaliza tatu ataondoka."

Ngo. "Hodi."

Harufu ya tope ilikuwa inapita chini ya mlango. Nilisoma dua nilizokumbuka, moyoni, maneno yakanichanganyika.

Ngo. "Hodiii..."

"Karibu!"

Melissa. Kutoka chumbani, kwa furaha, vile vile nilivyomfundisha.

Mlango haukufunguka. Tulipoufungua sisi, jiwe lilikuwepo pale pale. Kaa hakuwepo. Palibaki shimo lenye umbo lake, na ndani ya shimo maji ya chumvi.

Tulilirudisha jiwe kesho yake, tukapiga hodi kwa heshima zote. Hakuna aliyetuitikia. Milcah amempima mtoto kila kipimo anachokijua yeye na madaktari wake, hawaoni ugonjwa. Anasema tu kwamba siku hizi ni mtulivu, hasumbui, na hulala mikono ameikunja kifuani, ngumi chini ya kidevu. Kioko hanitanii tena. Nampenda yule mtoto kama wangu.

Ijumaa nilikwenda kumwona. Nikabisha. Sikusikia miguu ikikimbia.

"Hodi, Melissa. Ni mimi, anko Idrisa."

Kitu kikakwaruza sakafuni, taratibu, kikaja mpaka nyuma ya mlango. Sauti ilitokea chini kabisa, karibu na kizingiti. Ilikuwa sauti yake. Kiswahili kilikuwa laini, cha watu wazima.

"Mwenyewe hayupo."

Hilo sikumfundisha.