Mtu wa Kumrudisha Omagor Nyumbani

Ukifika Adungosi ukauliza nani anajua kufundisha maksai, hata mtoto atakuonyesha boma la Omagor. Watu humletea ng'ombe kutoka Kocholia, na wengine huvuka mpaka kutoka upande wa Uganda. Dume anayeingia kwake akirusha mateke hutoka baada ya wiki mbili akivuta plau kwa utaratibu.

Omagor hapigi ng'ombe. Siku ya kwanza anaiweka nira chini, ng'ombe ainuse. Siku ya pili anamgusisha nayo shingoni kisha anaiondoa. Siku ya tatu ndipo anaifunga. Yeye husema kwamba mnyama akishajua kitu ni nini, woga unapungua. Hakuna aliyewahi kumbishia.

Basi mtu huyo huyo, asiyepepesa jicho mbele ya fahali, alikuwa na kitu kimoja kilichomtoa jasho. Si simba, si chatu. Ni kiti cha daktari wa meno. Na hakuna mtu aliyejua, au ndivyo alivyodhani mwenyewe.

Mwaka huu, mahindi mabichi yalipokomaa, jino lake la nyuma lilianza kuuma. Omagor alikula ugali kwa upande mmoja, akiuchovya kwenye mchuzi mpaka ulainike. Mahindi ya kuchoma aliyaacha kabisa. Mkewe, Benedetta, alikuwa akiyapukuchua kwa vidole na kula punje moja moja. Omagor aliona, akadhani ni adabu tu.

Maumivu yalipozidi, alimwomba mkewe karafuu. Benedetta alifungua pindo la leso yake na kumpa papo hapo. Omagor aliuma karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, na kwa siku mbili akapata nafuu. Hakujiuliza kwa nini mkewe alikuwa na karafuu tayari kwenye leso.

Siku ya tatu shavu lilivimba. Mdomo ulifunguka kidogo tu, na kumeza mate kukawa kazi. Bahati nzuri jirani yao Apeduno, mhudumu wa afya ya jamii, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Alipomwona Omagor hakuzunguka mbuyu. Alimweleza kwamba usaha wa jino ukiachwa unaweza kushuka mpaka kooni na kuziba pumzi, na mtu akafa kwa jino moja. Akamtuma kliniki ya meno ya Malaba siku hiyo hiyo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Apeduno alisema, akaenda zake.

Omagor alimwambia mkewe anaenda Malaba kuona fahali wa kununua. Ndiyo, fahali! Na shavu limevimba hivyo.

Kliniki iko kando ya barabara, ng'ambo ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Omagor aliipita mara mbili. Mara ya tatu aliingia. Lakini alipokiona kile kiti kupitia mlango uliokuwa wazi, na ile taa juu yake, alirudi nyuma. Alikaa kwenye benchi ya veranda akitokwa na jasho, na asubuhi bado ilikuwa baridi.

Daktari wa meno, Sylvia Mugeni, alimwona. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakumwita ndani. Alitoka, akaketi naye pale kwenye benchi, akamuuliza kama amewahi kung'olewa jino.

Omagor akasimulia, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alipokuwa na miaka tisa, mtu aliyezunguka masokoni na koleo alimng'oa jino bila ganzi. Wanaume watatu walimshika. Baba yake mwenyewe alimkalia miguu. Jino lilivunjika, wakarudia tena. Alipiga kelele waache, na hakuna aliyeacha.

"Pole sana, mzee," daktari alisema. "Hapa hakuna mtu atakayekushika."

Daktari alimtazama mdomo pale pale kwenye benchi, kwa tochi ndogo. Alisema jino limeoza mpaka kwenye mzizi na lazima litoke. Kwanza atampa dawa ya kuua vijidudu, uvimbe upungue, kwa sababu ganzi haishiki vizuri penye usaha mwingi. Omagor arudi baada ya siku nne. Lakini akishindwa kumeza au kupumua kabla ya hapo, asingoje, akimbilie hospitali mara moja.

Kisha alimweleza jambo ambalo Omagor hakulijua. Ganzi ni kwa maumivu. Woga una dawa yake nyingine, inayoitwa dawa ya kutuliza. Wagonjwa wengi huiomba, wanaume kwa wanawake, na hakuna aibu ndani yake. Kuna gesi ya kuvuta kwa pua. Mtu anatulia, na ikifungwa akili inarudi baada ya dakika chache, ila gesi hiyo haipo kila kliniki, na hapa hawana. Kuna kidonge, ambacho mtu anakimeza hapa kliniki kabla ya kazi. Anakuwa macho, anasikia, anajibu, lakini moyo umetulia. Kuna sindano ya mshipani, yenye nguvu zaidi, na ni ya mahali penye wataalamu na vifaa vyake. Mwisho kuna nusukaputi, usingizi kamili wa chumba cha upasuaji, kwa kazi kubwa au kwa mtu ambaye njia nyingine zote zimemshinda.

Omagor aliuliza kama anaweza kununua kidonge hicho mwenyewe. Pale mpakani kuna watu wanaouza kila kitu. Daktari alikataa katakata. Kidonge hupimwa kulingana na mtu, uzito wake, magonjwa yake na dawa anazomeza. Kikizidi, au kikichanganywa na pombe, pumzi inaweza kukatika. Akampima presha na kumuuliza kama anakoroma sana, kama ana pumu, kama ana ugonjwa wa moyo au ini. Omagor alijibu hana, ila kukoroma amwulize mkewe.

"Vizuri, kwa sababu nitamhitaji," daktari alisema. "Siku hiyo usile chakula kwa saa sita kabla ya kuja. Maji unaweza kunywa, ila saa mbili za mwisho hata maji usiguse. Pombe usionje tangu siku ya kabla, hata ajono ya wimbi. Na uje na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani na kukaa na wewe mpaka kesho yake."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu wa kumrudisha nyumbani? Yeye, Omagor? Amwambie nani kwamba anaogopa jino? Alichukua dawa zake, akaitikia, akaondoka. Nyumbani alimwambia Benedetta kwamba fahali alikuwa amekonda.

Baada ya siku nne uvimbe ulikuwa umepungua. Omagor hakula, hakunywa, akafika kliniki mapema. Daktari alifurahi kumwona. Akamuuliza mtu wake yuko wapi.

"Yuko nje, anafunga baiskeli," Omagor alijibu.

Daktari alikuwa ameshika kikombe cha maji na kidonge. Aliviweka mezani, akatoka mpaka veranda kumsalimia huyo mtu. Hakumkuta. Alimkuta mwendesha boda aliyemuuliza kama anaenda Kocholia. Akarudi, akaketi mbele ya Omagor.

Omagor aliomba. Alisema ana nguvu, atapanda boda, atafika salama. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza kwamba dawa ya kutuliza haibaki kliniki mgonjwa akitoka. Inaenda naye. Saa kadhaa baadaye bado kichwa ni kizito na miguu haina uhakika. Mtu anaweza kusinzia akaanguka kwenye pikipiki, au akasahau kila alichoambiwa kuhusu kidonda chake. Bila mtu mzima wa kumsindikiza, hampi.

"Mzee Omagor, niambie ukweli," alisema. "Unamwogopa nani zaidi, mimi au mke wako?"

Omagor alirudi nyumbani na jino lake, na njaa yake, na aibu yake. Dawa za kuua vijidudu zilibaki za siku moja tu. Alijua zikiisha na jino likiwa bado ndani, uvimbe utarudi, na maneno ya Apeduno kuhusu koo hayakumtoka kichwani.

Benedetta alikuwa uani akimenya njugu. Omagor alivuta kigoda, akaketi karibu naye, akaanza kumenya pia. Alimenya njugu ishirini kabla hajafungua mdomo. Kisha akamweleza yote: mtu wa koleo, baba yake juu ya miguu yake, kliniki, kidonge, na kwamba hakukuwa na fahali yeyote.

Benedetta hakucheka. Machozi yalimlengalenga, na alikuwa na hasira pia.

"Baba Ejoku, hayo ya woga nilijua zamani," alisema. "Tukienda Malaba unavuka barabara usipite mbele ya ile kliniki. Kilichoniuma ni hilo la fahali. Miaka ishirini na sita, na hukuona kama mimi ni mtu wa kuambiwa?"

Omagor aliomba msamaha. Benedetta alimwambia anyamaze sasa, ale uji, maana kesho asubuhi hatakiwi kula. Usiku ule Omagor alilala fofofo, na kidonge bado hajakimeza.

Asubuhi walifika pamoja. Daktari alimuuliza Benedetta kuhusu kukoroma, naye akaeleza kwa kirefu, mpaka Omagor akaona haya. Lakini daktari alitaka kujua hasa kama pumzi hukatika usingizini. Haikatiki. Basi Omagor akameza kidonge, wakangoja kama saa moja.

Kilichofuata kilimshangaza. Daktari hakuanza kazi. Alimwonyesha kioo kidogo, akampa akishike. Akamwonyesha bomba la sindano ya ganzi na kumweleza atahisi nini na kwa muda gani. Akambana kidole kwa kifaa kidogo cha kupima hewa kwenye damu. Omagor, mwili umeanza kulegea vizuri, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hivi hivi ndivyo anavyomnusisha ng'ombe nira.

"Sasa sikiliza," daktari alisema. "Ukitaka niache, inua mkono wa kushoto. Nitaacha hapo hapo. Huhitaji sababu."

Ganzi iliingia, shavu likafa. Daktari alianza. Omagor hakusikia maumivu, alisikia kusukumwa tu. Lakini kulikuwa na jambo moja alilotaka kulijua, jambo la miaka arobaini na tatu. Akainua mkono.

Daktari aliacha. Vyombo vilitoka mdomoni. Akamuuliza kama anaumwa. Omagor alitikisa kichwa kukataa. Hakuumwa. Alitaka tu kuona kama ataacha. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, na Benedetta, aliyeruhusiwa kuketi mlangoni, aliyaona. Omagor alishusha mkono mwenyewe, akafungua mdomo. Hakuuinua tena.

Jino lilitoka. Aliuma pamba, akapumzika mpaka daktari aliporidhika. Benedetta ndiye aliyepewa maelezo: asisukutue leo, asivute tumbaku, asinywe pombe, asishike ng'ombe wala panga mpaka kesho. Wakakodi tuktuk. Omagor alisinzia njia nzima kichwa kikiwa begani kwa mkewe, na waliowaona walisema walichotaka.

Wiki tatu baadaye Omagor alichoma mahindi mawili, akampa mkewe moja. Yeye aliuma lake kwa meno, kwa raha. Benedetta alianza kupukuchua kwa vidole. Omagor aliacha kutafuna. Aliyakumbuka mahindi ya siku zote, akazikumbuka zile karafuu.

"Mama Ejoku," alisema taratibu, "ni lipi?"

Benedetta aligusa shavu la kulia. Mwaka mmoja na nusu, alisema. Na yeye pia alikuwa anaogopa.

Jumanne iliyofuata benchi ya kliniki ilikuwa imejaa. Kulikuwa na madereva wa malori, na wanaume wawili wa Adungosi walioleta maksai kwa Omagor mwaka jana. Daktari Sylvia alimpima Benedetta presha, akamuuliza maswali yake yote. Kisha akauliza ni nani atakayemrudisha mama nyumbani.

Kabla Benedetta hajajibu, mkono wa kushoto wa Omagor ulikuwa juu.

"Ni mimi," alisema, na benchi nzima ikasikia. "Mimi pia nilimeza hicho kidonge. Na huyu ndiye aliyenirudisha."