Kenes na Mbegu za Kunde

Mvua ya kwanza ilipoinyeshea Gunungkidul, kisiwani Java, Tuminah alipanda kunde zile ndefu zinazotambaa kwenye vijiti. Siku ya tatu akakuta mashimo. Mbegu zimetupwa juu ya udongo, nyingine zimekatika vichipukizi.

"Kuku hawa!" alisema.

Akawafungia kuku, akapanda tena. Siku mbili baadaye mashimo yalikuwa palepale.

Akapanda mara ya tatu. Asubuhi iliyofuata alijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Hakuja kuku. Alikuja Kenes, binti yake wa miaka mitano, na kijiko mkononi. Alichuchumaa, akafukua mbegu, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Kenes! Kumbe ni wewe!"

Mtoto aliruka. Kijiko kikaanguka.

"Mbegu nzima zimebaki kumi na moja tu! Mvua ikikatika tutakula nini?"

"Naangalia kama inakua," Kenes alisema. "Wewe umesema inakua. Mbona mimi sioni?"

"Inakua kwa sababu inakua! Toka hapo!"

Kenes akaangua kilio. Kilio hicho kilimleta jirani yao, Bibi Warsiti, aliyefundisha chekechea miaka mingi kabla ya kustaafu. Alisikiliza mashtaka yote, kisha akacheka kidogo.

"Mama Kenes, huyu si mtundu. Anauliza swali. Ila anauliza kwa kijiko."

"Bibi, maswali yake yatatulaza njaa."

"Basi tumpe pa kutazama. Niletee glasi nne tupu za chai na mbegu nne."

Tuminah alilikumbatia kopo la mbegu. "Nne zote hizo?"

"Ukininyima nne, yeye atafukua zote."

Tuminah akazitoa, moja moja.

Bibi Warsiti aliweka kitambaa ndani ya kila glasi. Kenes akabana mbegu kati ya kitambaa na kioo, ili ionekane kwa nje. Kitambaa cha glasi ya kwanza wakakilowesha, wakaiweka dirishani. Cha pili wakakilowesha vilevile, lakini glasi wakaifungia kabatini, gizani. Glasi ya tatu wakaiweka dirishani bila maji. Ya nne wakaijaza maji mpaka juu, nayo wakaiweka dirishani. Mbegu saba zilizobaki walizipanda shambani siku hiyohiyo.

"Hizi na zile za shambani ni ndugu," Bibi Warsiti alimwambia Kenes. "Ukitaka kujua zile zinafanya nini chini ya udongo, tazama glasi ya kwanza. Ukifukua unakata mizizi, na mmea hunywa maji kwa mizizi. Haya, ipi itaota?"

"Zote!"

"Ya kabatini haiwezi," Tuminah alidakia. "Bila jua..."

"Shh! Usimjibie. Na wewe ngoja uone."

Siku ya tatu mzizi mweupe ulitokeza kwenye glasi ya kwanza. Kenes alibandika pua kwenye kioo, chai yake ikapoa. Siku ya sita akapiga kelele.

"Mama! Ya kabatini imeshinda!"

Tuminah alikuja, akazilinganisha. Kweli, ilikuwa ndefu kuliko ile ya dirishani. Tangu utotoni alikuwa mkulima, na hakuwahi kuona jambo kama hilo. Alitoka mbio kwa jirani, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Bibi, imekuwaje?"

"Mbegu ina akiba ya chakula ndani yake," alisema Bibi Warsiti. "Ili iote inataka maji, hewa na joto. Ikishaota, majani yanataka mwanga yatengeneze chakula. Hiyo ya kabatini inarefuka kuutafuta mwanga. Akiba ikiisha, utaniambia."

Baada ya wiki nyingine, mche wa kabatini ulikuwa wa manjano, mwembamba kama uzi, umelala. Mbegu ya glasi ya nne ilinuka.

"Ilikosa pa kupumulia," Kenes alisema, ameziba pua.

Ile ya tatu ilikuwa kama siku waliyoiweka.

"Imekufa, Mama?"

Tuminah alifungua kinywa ajibu, akakifunga. "Wewe unaonaje?"

"Ina kiu."

"Tutajuaje?"

Kenes alikimbilia maji. Baada ya siku tatu, mzizi ukatoka, na mama na mtoto wakashangilia pamoja.

Shambani hakuna aliyefukua kitu. Kunde zote saba ziliota, zikapanda vijiti, zikazaa maganda marefu kuliko mkono wa Kenes. Walizila kwa tui la nazi na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Nyingine Tuminah aliziacha zikauke, kopo la mbegu likajaa.

Jioni moja alikuwa akikatakata kunde. Kenes alikuwa kando yake, ameshika mbegu moja.

"Mama, nikiipanda kichwa chini, itaota kwenda chini?"

Kisu kilisimama. Tuminah aliitazama ile mbegu. Miaka yote ile hakuwahi kujiuliza.

"Sijui," alisema, akainuka. "Lete glasi."