Taa ya Kijani Iliyoniulia Mama

Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, na mtu akiniuliza kwa nini, huwa natoka nje kabla sijamtukana. Lakini ninyi wasomaji wenzangu mmenisimulia mikasa yenu kwenye kurasa hizi miaka mingi, nami nimelia nanyi hapa hapa chumbani kwangu Laini Saba, Nairobi. Leo ni zamu yangu...

Mimi ni fundi wa redio. Nilisomea chuo cha ufundi hapa Nairobi, na huko ndiko nilikokutana na Fredi, kijana wa Kawangware. Haki ya Mungu, nilimpenda! Alikuwa mcheshi, na mkono wake katika kuunga nyaya kwa solda ulikuwa safi kuliko wangu. Nilimpeleka kwetu kisiwani, kule ziwani upande wa Kisumu, akachinjiwa jogoo. Mama hakula naye, maana kwetu mama mkwe hakai meza moja na mkwe, lakini alisimama jikoni akimsikiliza huku anacheka. Akaninong'oneza, "Huyu atakutunza, mwanangu."

Atanitunza! Ngojeni.

Shirika moja la misaada likatupa kazi. Kliniki za visiwani kwetu zilikuwa zinatuma ujumbe Nairobi kwa redio, umegeuzwa kuwa namba. Radi na mvua zilikuwa zinachafua namba hizo njiani, kwa hiyo kila ujumbe ulitumwa na namba za ziada za kuusahihishia. Mashine yetu ilitakiwa kuzipokea, kujaribu kila ujumbe unaowezekana, na kuchagua ule unaokaribiana zaidi na uliofika.

Kujaribu mmoja mmoja kulichukua muda mrefu mno. Ndipo tukaunda vibao vinane vya saketi vinavyopiga hesabu kwa pamoja, kila kimoja na sehemu yake. Kibao cha tisa kilikuwa changu. Kazi yake ilikuwa kulikagua jibu. Likiwa sawa, taa ya kijani. Likitia shaka, taa nyekundu, nasi tunaiambia kliniki irudie.

Kwa nini nilikishikilia hicho cha tisa? Kwa sababu mashine hizi, jamani, hazijui kunyamaza! Ukizipa takataka zitakupa jibu tu, tena jibu lililonyooka, ukilisoma huoni kasoro.

Shida ni kwamba vibao vinane vilimaliza upesi, halafu vikakaa kusubiri cha tisa. Nilikuwa nakichora upya ili ukaguzi uende sambamba na hesabu zenyewe. Mama Halima, Mnubi mwenye nyumba wangu, alinivutia stima kwa waya kutoka kwake nifanye kazi, Mungu ambariki.

Fredi, aliyezoea kuniita Atis, hakuwa na subira. "Atis, wageni wa shirika wanakuja kuona, bana! Wanataka kitu chap chap. Tutoe hicho cha tisa, tutakirudisha baadaye." Nilikataa kabisa. Tuligombana hadi majirani wakaja kutuamua.

Kesho yake alikuja mpole, na mandazi mkononi. Akasema nimeshinda, kibao kitabaki, tuvumilie tu kasi ndogo. Akaichukua mashine kwenda kuifunga kwenye sanduku lake la bati kule Kawangware. Ilirudi imefungwa vizuri, inang'aa. Sikuifungua... Kwa nini nifungue? Mchumba wangu alikuwa ameniambia.

Wageni walipokuja, mashine ilikimbia ajabu. Fredi alinitupia jicho akasema amerekebisha kidogo tu. Kijani, kijani, kijani! Watu wakapiga makofi, Fredi akahutubia, na jina langu halikutajwa hata mara moja. Nilivumilia. Nikajiambia huyu ni mume wangu mtarajiwa, sifa zake ni zangu. Mjinga mimi! Yeye alipewa ofisi, mimi nikapewa kiti mbele ya mashine, nisome ujumbe na kupiga simu.

Mvua za masika zikaja, na kipindupindu nacho kikaingia visiwani. Asubuhi moja, radi zikiunguruma, ujumbe ukafika. Kila kliniki ilikuwa na namba yake, na hii ilikuwa ya tano. Wagonjwa mahututi, maji ya kutundika mishipani yameisha, leteni haraka. Taa ilikuwa ya kijani.

Kliniki ya kwetu ilikuwa ya saba. Mnajua nilisema nini? Nilisema kwa sauti, "Asante Mungu, si kwetu!" Kisha nikapiga simu Kisumu, na boti la dawa likaenda ya tano.

Kwenye kliniki ya tano hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Ujumbe ulitoka ya saba. Radi ilikuwa imeivuruga namba, mashine ikachagua jibu baya, na hakuna kilichoikataza. Boti lilipogeuza likafika kwetu, mama yangu alikuwa ameshafunikwa shuka...

Nilipotoka mazikoni nililifungua lile sanduku. Kibao changu cha tisa kilikuwepo, lakini mguu wake wa kutolea jibu, ule unaowasha taa, ulikuwa umekatwa. Kiwaya kifupi kilitoka kwenye umeme moja kwa moja hadi kwenye taa ya kijani. Chochote kilichoingia kilikuwa sawa! Na solda ilikuwa safi. Niliujua mkono ule.

Nilikwenda Kawangware. Fredi alipiga magoti akalia. "Ningekirudisha, Atis, haki ningekirudisha." Halafu, huku machozi hayajakauka, akaniomba nisiseme kitu ofisini. Nikamuuliza kama jogoo wa mama alikuwa mtamu.

Ofisini nilisema yote. Wakubwa wakaamua ilikuwa radi tu, tusiharibu mradi. Fredi akahamishiwa nchi nyingine, na mshahara juu.

Kibao cha tisa nilikimalizia mwenyewe. Sasa kinakagua sambamba na wenzake, hakicheleweshi chochote. Kilihitaji wiki mbili tu. Wiki mbili, wasomaji wenzangu!

Nawasihi, dada zangu na kaka zangu, msikubali kazi yenu ifungwe kwenye sanduku bila ninyi kutazama ndani, hata kama anayefunga ndiye mnayempenda. Mimi sikuwahi kuilisha mashine ile takataka makusudi nione kama itakataa. Ningeilisha siku moja tu, ningejua.

Bado nakaa kwenye kiti kile. Nyekundu ikiwaka, nawaambia warudie. Kijani ikiwaka na namba si ya saba, natuma dawa, na ile "asante, si kwetu" haitoki tena mdomoni.