Gome la Kifua

Walimwita Profesa, na yeye hakulikataa jina. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni msituni kuwaonyesha maua ya mwituni na miti ya asili, na jioni ile alikuwa na watu tisa waliotaka kuona maua yanayofunguka jua likizama. Mgeni akiuliza mti, Profesa anataja jina. Akiuliza unatibu nini, anataja ugonjwa. Asipojua, anatunga. Neno "sijui" lilikuwa halimtoki hata ulivute kwa koleo.

Langoni alimchagua mwalimu mmoja mstaafu awe mkia. Ndiyo ilikuwa desturi ya matembezi yake: mtu mmoja anatembea nyuma ya wote, na kila njia inapokata kona Profesa anaita, "Mkia upo?" Naye wa nyuma anajibu, "Upo!" Hivyo hapotei mtu.

"Mkia wenyewe magoti yameisha mafuta," mwalimu akatania. "Msinikimbize."

Wakacheka, isipokuwa msichana mmoja mwenye sweta ya kijivu. Alimsogelea Profesa na kumnong'oneza.

"Kaka, samahani. Miezi mitatu iliyopita mama yangu alikuja hapa. Fundi cherehani, mnene kidogo, alikuwa anakohoa. Alirudi na magome kwenye mkoba, yakachemshwa, akanywa... Hakumaliza wiki. Unajua nani alimwambia ni dawa?"

Profesa alimkumbuka vizuri sana. Mama yule alisimama chini ya mti wa maua ya njano, akauliza, na huu je? Watu kumi walikuwa wanamtazama Profesa mdomoni. Akasema gome lake linatibu kifua. Hata jina la mti ule hakulijua. Habari za msiba alizipata kwa mlinzi wa lango, akajitia hamnazo.

"Sijui, dada," akajibu.

Siku neno lilipotoka, lilitoka likiwa uongo. Uso ulimwaka kwa aibu, akashukuru kwamba giza limeanza kuingia.

Wakaingia msituni. Kona ya kwanza akaita.

"Mkia upo?"

"Upo!" Sauti ya mwalimu, na kicheko juu yake.

Wakaona maua meupe yakifunguka taratibu, watu wakapiga picha. Profesa akaeleza alichokijua, na safari hii hakuongeza chumvi. Kona ya pili, karibu na ule mti wa maua ya njano, akaharakisha hatua.

"Mkia upo?"

Kimya... Kisha kikohozi. Kizito, cha kifua kilichojaa.

"Upo."

Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Wanawake kwenye kundi walikuwa watatu tu. Wote watatu walikuwa mbele ya macho yake.

Nywele zikamsimama. Akawaambia watu wasubiri, na mwalimu akatokea gizani akihema.

"Mwalimu, nyuma umemwacha nani?"

"Nimempisha mama mmoja. Anasema njia anaijua, alishakuja." Mwalimu akafungua leso yake. "Kanibandulia na hili. Mjukuu wangu kifua kinambana vibaya. Eti wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha."

Ndani ya leso kulikuwa na gome. Lilifuka mvuke. Harufu chungu ya kitu kilichochemka muda mrefu ikampanda Profesa puani, na kule nyuma majani makavu yakaanza kukanyagwa.

Kwach... kwach...

"Hairuhusiwi kuchuma," Profesa akasema. Hata hapo alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

"Kipande tu, bwana. Nani ataona?" Mwalimu akakunja leso na kuitia mfukoni.

Kwach. Nyayo zikasimama nyuma ya shingo ya Profesa. Akasikia pumzi ikivutwa kwa shida.

"Sema," ikamnong'oneza.

"Litupe!" Profesa akapiga kelele. "Mwalimu, litupe, litamuua mtoto! Si dawa. Nilitunga. Mti wenyewe siujui. Nilitunga kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na mama wa watu akaniamini, akafa. Ni mimi. Nikanyamaza."

Leso ikaanguka. Pumzi ile haikusikika tena. Profesa akatamani ardhi ipasuke immeze, maana tisa wote walikuwa wanamwangalia, na safari hii hakuwa na la kuwapa.

Msichana alisimama mbele yake. Profesa alidhani atamzaba kibao. Laiti angemzaba.

"Baba ndiye aliyechemsha," msichana akasema polepole. "Mama alikataa kikombe cha mwisho, baba akambembeleza. Tangu siku ile haongei na mtu. Anaamini amemuua mkewe kwa mkono wake."

Profesa akainamisha kichwa.

"Kila jioni analiangalia lile sufuria. Hataki lioshwe," akaendelea. "Twende ukamwambie yeye hayo uliyotuambia sisi. Sasa hivi, kabla hajalala."

Profesa aliwatoa wageni hadi langoni, hakuna aliyemuaga. Kisha akashika njia ya kwenda kwao msichana, yeye mbele akimulika tochi, msichana nyuma yake. Walipofika kwenye lami alisikia nyayo za watu wawili zikimfuata. Hakugeuka. Hofu alikuwa nayo, lakini kilichomzuia hasa kugeuka kilikuwa aibu.