Lugha ya Mama Drita

Kila asubuhi Truphosa, mhudumu wa wazee kutoka Kenya, alipanda basi hadi Great Barr, mtaa mmoja wa Uingereza, kumhudumia Mama Drita nyumbani kwake. Alimwogesha, akamvisha, akampikia uji. Mama Drita alikuwa mjane wa miaka sabini na minne, mzaliwa wa Kosovo, kusini-mashariki mwa Ulaya. Tangu alipopata kiharusi, Kiingereza kidogo alichokuwa nacho kilimtoka.

Wiki hiyo alianza kutema vidonge vyake. Kliniki ikampigia simu na kumweka mkalimani kwenye laini. Mkalimani aliposema maneno mawili tu, Mama Drita aliifunika simu kwa mto, akageukia ukutani. Meneja wa Truphosa, Mkenya mwenzake aitwaye Walter, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anakataa matibabu.

Truphosa hakuridhika. Alibisha hodi kwa jirani, Besnik, fundi cherehani aliyetoka Kosovo pia. Besnik alikuja, akasoma faili, uso ukamwiva.

Fomu iliyokuwa ndani ya faili ilisema nchi aliyozaliwa Mama Drita ni Yugoslavia, ambayo wakati huo Kosovo ilikuwa sehemu yake. Basi mtu akakisia lugha, na kliniki ikaleta mkalimani wa Kiserbia. Mama Drita ni Mwalbania.

Wakaketi jikoni, na Besnik akamweleza. Waturuki waliwatawala Waalbania kwa karibu miaka mia tano. Mwaka 1912 Waalbania walitangaza uhuru. Mwaka uliofuata wakubwa wa Ulaya walikutana hapa hapa Uingereza, London, wakachora mpaka. Kosovo, yenye Waalbania wengi, ikaachwa upande wa Serbia. Baadaye Waitalia wakaivamia Albania, kisha Wajerumani. Huko Kosovo, miaka ya tisini, walimu waliofundisha kwa Kialbania walifukuzwa shuleni.

"Mama Drita alikuwa mmoja wao," alisema Besnik. "Aliwafundisha watoto sebuleni kwake, mapazia yamefungwa. Kisha vita vikaja. Kiserbia si lugha mbaya, dada. Lakini ndiyo iliyomwamuru mumewe atoke nje, naye hakurudi."

Truphosa alilichukua lile faili. Siku hiyo hiyo alikwenda ofisini kwa Walter.

Walter alimsikiliza huku akiandika. Alisema lugha za kule zinafanana, na kwamba mama yule lazima anaelewa.

"Anaelewa, ndiyo maana aliifunika simu," Truphosa alijibu. "Bwana Walter, nyanya yangu alivishwa kibao shingoni shuleni, kule Kakamega, kwa kosa la kusema Kiluhya. Nyanya yako je?"

Walter akaacha kuandika. Akasema nyanya yake alichapwa.

"Basi usiniambie zinafanana. Huyu mama hajakataa matibabu. Sisi ndio tuliokataa kumuuliza."

Wakaipigia kliniki simu pamoja. Karani wa kliniki akawaambia kwamba mgonjwa ana haki ya kupewa mkalimani wa lugha yake, bila malipo. Kinachotakiwa ni kuitaja lugha yenyewe, wala si nchi. Pia akaonya kwamba jirani au mtoto asifanywe mkalimani wa mambo ya ugonjwa, kwa kuwa anaweza kukosea, na mgonjwa ana siri zake.

Alhamisi simu ililia. Sauti ya mwanamke ikamsalimu Mama Drita kwa Kialbania. Mama Drita aliishika simu kwa mikono miwili. Alianza polepole, ulimi mzito, kisha maneno yakamiminika hata mkalimani akamwomba apumzike kidogo. Kumbe vidonge vile vilimletea kizunguzungu. Alikuwa ameanguka mara mbili bafuni, na hakuna aliyejua, hata Besnik. Daktari akabadilisha dawa siku ile ile.

Baada ya wiki mbili Mama Drita alikuwa akitembea hadi dirishani bila kushikwa.

Walter alipitia mafaili yote ya wazee wake. Akakuta saba ambayo lugha ilikuwa imekisiwa kutokana na nchi. Alimwambia Truphosa kwa sauti ya chini, labda akitarajia sifa.

Truphosa hakumpa. Alivuta kiti, akaomba majina ya wale saba, akaanza kuwapigia simu mmoja baada ya mwingine kuwauliza walizungumza lugha gani na mama zao.