Nilinakili Utupu Juu ya Sauti ya Mama

Nina miaka thelathini na nne, sina mke, na shule niliiachia darasa la sita. Nimelima ufuta Fukayosi, nimebeba zege, nimekaanga chipsi Bagamoyo mjini. Kila kitu nilitaka kukijua, na nikishakijua naondoka...

Haya nilikaa nayo miaka miwili. Nayaandika bila machozi. Sijui yalikwenda wapi.

Kampuni moja pale Kerege ilinichukua kufagia chumba cha mitambo. Mlikuwa na kompyuta kubwa kama makabati ya nguo, zilizonunuliwa mtumba. Zilihifadhi kumbukumbu za mashamba ya vijiji: ramani, alama za vidole, na sauti za wazee wakieleza mipaka yao. Mama yangu alikuwemo. Alirekodiwa akiitaja minyaa ya mpaka wetu mche kwa mche. Miezi mitatu baadaye akafariki.

Fundi wa pale, Idrisa, aliyapenda maswali yangu. "Wewe, kesho utaniuliza mashine inaota nini!" alikuwa akinicheka. Lakini alinifundisha. Diski yetu ilikuwa na pacha wake Dar es Salaam: kinachoandikwa huku, papo hapo kinaandikwa kule. Na kila Ijumaa tulitoa nakala ya tatu, inayokaa peke yake bila kubadilika. Akanipa hadi nywila yake ya kuingilia kwenye mitambo. Nani asingevimba kichwa?

Wiki moja nafasi ilijaa. Nikaifuta nakala ya tatu bila kumwambia. Pacha wapo, nikajisemea, wa tatu wa nini?

Siku mbili baadaye diski ya Dar ikafa. Wakafunga mpya, tupu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuijaza kutoka kwetu. Idrisa alikuwa anakwenda kuswali Adhuhuri, akaniambia nimngoje, tutafanya wote.

Sikungoja. Unatakiwa kutaja diski inayotoa, kisha inayopokea. Nikazigeuza! Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikakubali... Nikanakili utupu juu ya kila kitu.

Nilitazama taa za kijani zikiwaka vilevile. Mashine haikuona kosa lolote, ilitii tu.

Bosi aliponiuliza, nilijibu mimi ni mfagiaji, nitajuaje? Jina lililoonekana kwenye mtambo lilikuwa la Idrisa. Naye angejitetea vipi, wakati kunipa nywila ni kosa pia? Alinitazama. "Sawa, mdogo wangu," akasema, akachukua kofia yake, akaondoka. Kazi hakuwa nayo tena.

Haukupita muda, jirani kule Fukayosi akang'oa minyaa yetu na kupanda mananasi hadi karibu na jiko la dada yangu, Mwanahamisi, aliyebaki na shamba la mama. Dada akanipigia simu: "Mdogo wangu, si uko huko kwenye makabati? Nitolee sauti ya mama tu, baraza la ardhi linaisubiri."

Nikamwambia imepotea, Idrisa ameifuta.

Baraza likaamua bila sauti ya mama. Nusu ya shamba ikaenda! Dada akainua mikono palepale nje ya baraza, nami nimesimama kando yake. "Mwenyezi Mungu amlipe huyo Idrisa kwa alichotutenda." Akanigeukia, akingoja.

Nikaitikia, amina.

Tangu siku hiyo nakula, sisikii ladha. Mtu akinisimulia msiba wake, namtazama mdomo unavyocheza.

Juzi nikamwendea dada, nikamweleza yote. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Aliuliza Idrisa anakaa wapi, ili akamwombe radhi kwa ile dua. Akajifunga kanga, akatoka. Mimi hakuniuliza kitu, wala hakunitazama...

Ndugu zangu mnaosoma, pacha si akiba. Kosa likiingia huku, na kule limeshaingia. Wekeni nakala nyingine mbali, isiyoguswa na mkono wa mtu mwenye haraka kama mimi. Na ukikosea, sema siku ileile! Nusu ya shamba imekwenda, sauti ya mama haipo, na dada yangu sasa akinijibu, hujibu salamu tu. Msipite njia hii, nawasihi.