Utando wa Jicho la Anselm

Kila alfajiri jicho la kulia la Anselm lilichanika upya. Ilianza mwiba ulipomkwaruza akitundika mizinga ya nyuki kwenye vichaka vya Itigi. Kidonda kilipona, kisha kikarudi, kikapona tena, kikarudi. Akifumbua tu jicho, alishika uso na kugaagaa sakafuni.

Mkewe, Marietha, ndiye aliyeisikia sauti. Asubuhi moja aliamka kabla ya mumewe, akasikia kitu kikilamba taratibu, kama paka anavyolamba sahani. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Alipogeuka aliona kope ya Anselm ikivutwa juu na kidole kisichoonekana, na utando wa jicho ukibanduka kama ganda la kitunguu.

"Baba Belinda," alinong'ona, "usifumbue."

"Sijafumbua. Nani ananishika?"

Kofi likamrusha Marietha mpaka ukutani.

Hospitalini, Daktari Editha alieleza kwamba utando wa juu haukushikamana na kioo cha jicho. Mtu akilala unagandana na kope, akiamka unang'oka. Angeukwangua wote, asugue palipo chini yake, ili mpya uote na kushika. Marietha akamweleza na yale mengine. Daktari hakucheka.

"Mimi ninalolijua ni jicho, mama. Basi utaingia nami. Ukiona anabadilika, mshike kichwa."

Wakamfunga mikanda, wakamtia matone ya ganzi. Kisu kidogo kilipogusa jicho, ile harufu ikajaa chumba, na mdomo wa Anselm ukasema kwa sauti ya bibi kizee, "Hapo ndipo ninapolala. Msinivunjie."

"Endelea, daktari," Marietha alisema kwa sauti ya chini.

Mikanda ikakatika. Anselm akampiga muuguzi Filipo teke la mbavu likamwangusha juu ya meza ya vyombo, akamkaba daktari koo, na Marietha akaruka akamkalia kifuani, akakibana kichwa chake kwa mikono miwili huku kile kitu kikiwatukana kwa Kigogo, lugha ambayo Anselm hakuijua, kikageuza mdomo, kikanasa kidole cha shahada cha Marietha kwa meno na kukisaga mpaka mfupa ukalia, naye hakuachia, hakuachia hata kidole kilipokatikia mdomoni, na daktari, macho yakimtoka kwa kukosa pumzi, akaendelea kukwangua, kipande baada ya kipande, mpaka cha mwisho kikang'oka na kujikunja kwenye ncha ya kisu kama kiwavi.

Filipo akatambaa na bakuli la spiriti. Daktari akakitumbukiza, akakiwasha moto. Kilio kilichotoka bakulini kilivunja vioo vya madirisha, halafu kukawa kimya. Mikono ya Anselm ikalegea. Daktari alikohoa damu, akavaa glavu nyingine, akasugua jicho na kulifunika kwa lenzi laini.

Kwa siku kadhaa macho yote mawili yalifungwa kitambaa; lenzi ilipotolewa, jicho lilikuwa limepona. Asubuhi iliyofuata Anselm aliamka, akavuliwa kitambaa na kulifumbua bila maumivu, akacheka kama mtoto. Hakukumbuka lolote. Ndipo akauona mkono wa mkewe uliofungwa bendeji.

"Mama Belinda, nani amekufanya hivi?"

Marietha aliyatazama meno ya mumewe.

"Si wewe," alisema, kisha akasogeza kiti chake mbali kidogo na kitanda.